Presha na mwendo wa maji kwenye tiyo pana na nyembamba: mwongozo kamili kwa nyumba za vilimani Bukavu

Bukavu ni mji wa miteremko. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia ukingo wake nyumba za Ibanda, Kadutu na Bagira zinapanda vilima. Tiyo ya maji hapa ama inashuka ama inapanda, na mara nyingi inafanya yote mawili kabla ya kufika kwenye robine. Ndiyo maana kosa la kuchagua upana wa tiyo linaumiza zaidi hapa kuliko kwenye mji wa tambarare.

Kosa lenyewe ni moja na linarudiwa kila siku: maji yakitoka kwa ulegevu, mtu anaambiwa aweke tiyo nyembamba ili maji “yapate nguvu”. Anaiweka, lakini bidoni inachelewa kujaa kuliko jana. Mwongozo huu unaeleza kinachotokea ndani ya tiyo, namna ya kukipima kwa vifaa vya bei ndogo, na namna ya kuamua ni wapi panahitaji tiyo pana na wapi nyembamba inatosha.

Mambo matatu yasichanganywe

Wingi ni lita ngapi zinapita kila sekunde. Mwendo ni mita ngapi maji yanasafiri ndani ya tiyo kila sekunde. Presha ni msukumo wa maji kwenye ukuta wa tiyo, na njia rahisi ya kuifikiria ni kimo: maji yenye kimo cha mita 10 yanatoa karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha).

Robine zote zikiwa zimefungwa, upana wa tiyo hauna kauli yoyote juu ya presha. Tanki likiwa mita 50 juu yako, manometa (saa ya kupimia presha) itasoma karibu bar 4.9 hata kama tiyo ni ya milimita 20 au ya milimita 63. Kimo peke yake ndicho kinachosema. Upana unaanza kuhesabika pale tu maji yanapoanza kutembea.

Yakianza kutembea, mambo mawili yanatokea kwa pamoja, na watu wengi wanayafanya kuwa kitu kimoja.

La kwanza ni mabadiliko ya mwendo. Maji hayabanwi yakapungua, kwa hiyo lita zilizoingia sehemu pana ndizo hizo zinazopita sehemu nyembamba, na ili zipite zote lazima zikimbie. Kipenyo cha ndani kikipungua nusu, eneo la mkato linabaki robo, na mwendo unakuwa mara 4. Nguvu ya kukimbiza maji inatoka kwenye presha yao wenyewe, kwa hiyo penye mwendo mkubwa presha ya ukutani inashuka. Daniel Bernoulli aliliandika jambo hili mwaka 1738. Tiyo ikipanuka tena, mwendo unapungua na sehemu ya presha inarudi.

La pili ni msuguano. Maji yanaposugua ukuta wa tiyo yanapoteza presha, na hiyo hairudi tena hata tiyo ikipanuka namna gani. Hasara hii inaongezeka kwa ukali wa kutisha upana ukipungua: kwa wingi uleule wa maji, kipenyo kikiwa nusu, msuguano unakuwa karibu mara 29. Wingi wa maji ukiongezeka mara mbili ndani ya tiyo ileile, msuguano unakuwa mara 3.6.

Kwenye tiyo za nyumbani, badiliko la mwendo linagusa presha kwa sentimita za kimo. Msuguano unaigusa kwa mita. Bernoulli anatajwa sana, lakini anayekula presha yako ni msuguano. Shika tofauti hiyo na sehemu kubwa ya maamuzi yanayofuata itakuja yenyewe.

Hesabu mbili za kuwa nazo kwenye karatasi

Mwendo wa maji kwa mita kwa sekunde: zidisha 1273 kwa lita za kila sekunde, kisha gawa kwa kipenyo cha ndani (milimita) kilichozidishwa chenyewe. Lita 0.3 kwa sekunde kwenye kipenyo cha mm 16: 1273 × 0.3 ÷ 256 = mita 1.49 kwa sekunde.

Presha iliyotumika kukimbiza maji, kwa mita za kimo: zidisha mwendo wenyewe kwa wenyewe, gawa kwa 19.6. Kwa mwendo wa 1.49 unapata mita 0.113, yaani sm 11. Kwenye tiyo ya kipenyo cha ndani mm 26, maji yaleyale yanatembea mita 0.57 tu kwa sekunde na yametumia chini ya sm 2.

Angalia neno “cha ndani”. Tiyo nyeusi ya polyethylene, ile ya PEHD, inauzwa kwa kipenyo cha nje. Ukinunua “32” yenye alama ya PN16 (yaani inabeba presha ya bar 16) kwa nyenzo ya PE100, ukuta una mm 3, kwa hiyo ndani kuna mm 26. “40” ina mm 32.6 ndani, “25” ina 20.4, na “20” ina 16. Tiyo ya chuma yenye zinki inaitwa kwa inchi, na namba hiyo si ya nje wala ya ndani: ya nusu inchi ina karibu mm 16 ndani, ya inchi moja ina karibu mm 27. Ndiyo sababu mtu anayeunga “32” ya plastiki na “inchi moja” ya chuma anaona nje zinalingana vizuri. Usiamini jicho wala jina. Chukua kipande, pima kwa kalipa, andika.

Hatua ya 1: Pima wingi

Chukua bidoni ya njano ya lita 20, ile ambayo kila nyumba inayo, na saa ya simu. Fungua robine hadi mwisho, acha maji yatoke dakika moja ili hewa iishe, kisha anza kuhesabu. Gawa 20 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 67 ni lita 0.3 kwa sekunde. Sekunde 100 ni lita 0.2. Rudia mara tatu na uchukue ya katikati. Hakikisha bidoni ni ya lita 20 kweli, maana nyingine zimefinyangwa na jua zikapungua.

Pima alfajiri na tena saa ambayo majirani wote wanachota. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inakuambia ni kiasi gani cha tatizo kiko nje ya parsele yako.

Hatua ya 2: Pima presha mara mbili mahali palepale

Unahitaji manometa ya bar 0 hadi 6 (au 0 hadi 10 kama tanki liko juu sana) na kiungo cha T chenye vane (valvu) ndogo. Funga T kabla ya robine ya mwisho. Soma kwanza kila kitu kikiwa kimefungwa, kisha soma robine ikiwa wazi kabisa.

Ya kwanza inakupa kimo: zidisha bar kwa 10.2 upate mita. Tanki lako likiwa mita 25 juu, manometa isome karibu 2.45. Ikisoma 1.8 na hakuna robine iliyo wazi, basi kuna maji yanayotembea mahali fulani. Ni uvujaji, au jirani anachota kwenye laini yako. Kwenye miteremko ya Bukavu uvujaji wa namna hiyo haungojwi hata wiki moja, kwa sababu maji yanayolowesha udongo chini chini ndiyo yanayolegeza ukuta wa kuzuia ardhi, na mteremko mzima baada yake.

Tofauti kati ya kusoma kwa kwanza na kwa pili ndiyo presha iliyoliwa njiani. Ikiwa 2.45 imeshuka hadi 2.2, tiyo yako ni nzima na pana vya kutosha. Kama maji bado ni machache, tatizo ni robine yenyewe au kichujio chake. Ikiwa imeshuka hadi 0.2, tatizo liko kwenye laini, na ni wakati wa kuitafuta.

Mahali pa kufunga manometa pana maana. Usiifunge kwenye kipande kilichobanwa wala mara tu baada ya kona. Penye mwendo mkubwa manometa inasoma chini kuliko sehemu pana iliyo jirani yake, hata kama hakuna kilichopotea. Acha angalau sm 30 za tiyo iliyonyooka kabla yake.

Hatua ya 3: Gawa laini uone presha inashukia wapi

Hama na manometa. Anza kwenye tanki, kisha katikati, kisha mwisho, robine ya mwisho ikiwa wazi muda wote. Kila mahali ongeza au toa tofauti ya kimo: ukishuka mita 10 presha ipande bar 1 hivi, na kilichopungua hapo ndicho kilicholiwa. Kimo kati ya pointi mbili unaweza kukipima kwa tiyo ndogo inayopitisha mwanga iliyojaa maji, kama mafundi wanavyosawazisha msingi, hatua kwa hatua kushuka mteremko.

Hasara ikigawanyika sawasawa kwa kila mita, tiyo ni nyembamba kwa wingi wa maji unaoutaka. Hasara ikirundikana mahali pamoja, kuna kizuizi: vane iliyofunguka nusu, tiyo iliyopondwa na jiwe au tairi, kichujio kilichojaa mchanga, vipande vya tefloni vilivyoning’inia ndani ya kiungo. Mahali hapo pamoja pakifunguliwa, nyumba nzima inapona bila kununua mita hata moja ya tiyo.

Kuhusu tiyo za chuma za zamani, usibishane nazo. Kutu ikiota ndani ya ile ya nusu inchi mpaka njia ibaki mm 10, msuguano unakuwa karibu mara 10 ya ule wa tiyo mpya. Kuzibua kwa waya kunasaidia kwa muda mfupi tu. Zing’oe.

Hatua ya 4: Chagua upana kwa hesabu

Chukua nyumba ya mfano pale Kadutu: tanki liko mita 25 juu ya robine, laini ina urefu wa mita 200, na tunataka lita 0.3 kwa sekunde, yaani robine mbili za kawaida kwa wakati mmoja. Hizi ndizo hasara za msuguano kwa kila mita 100 za PEHD PN16 iliyo katika hali nzuri:

Tiyo 20 (ndani 16): mwendo 1.49, hasara mita 18.8
Tiyo 25 (ndani 20.4): mwendo 0.92, hasara mita 5.8
Tiyo 32 (ndani 26): mwendo 0.57, hasara mita 1.8
Tiyo 40 (ndani 32.6): mwendo 0.36, hasara mita 0.6

Kwa mita 200, tiyo ya 20 ingehitaji kimo cha karibu mita 38, nasi tuna 25. Haiwezekani kabisa. Itatoa kama lita 0.24 kwa sekunde mwishoni ikiwa wazi kabisa, na hapo presha iliyobaki ni sifuri. Tiyo ya 25 inakula mita 11.5 na kuacha 13.5, ambayo inafaa kwa nyumba isiyotarajia kukua. Ya 32 inakula mita 3.5 tu. Ya 40 ni kutupa pesa kwa wingi huu, na ina kasoro nyingine: mwendo ukiwa chini ya nusu mita kwa sekunde, mchanga unatuama ndani na mapovu ya hewa hayasukumwi kutoka.

Lenga mwendo kati ya mita 0.5 na 1.5 kwa sekunde. Ukipita 2 unaanza kusikia kelele ukutani na kuumizwa na pigo la maji, ambalo tutalifikia.

Sasa tuseme ni kituo cha kuchotea cha mtaa chenye robine 4, kila moja ikitoa lita 0.2. Jumla ni 0.8, na hasara zote za juu zinazidishwa mara 6 na zaidi. Tiyo ya 32 itakula karibu mita 22 kati ya zile 25, na watu watapanga foleni wakilaumu tanki. Ya 40 itakula mita 7 na kidogo, mwendo ukiwa 0.96. Hapo ndipo 40 inapostahili pesa yake. Tazama kwamba tiyo ileile iliyokuwa kubwa mno kwa nyumba ndiyo sahihi kwa mtaa. Hakuna upana “mzuri” usiotajiwa wingi wa maji.

Kipande kifupi chembamba hakina madhara makubwa. Mita 6 za mwisho za tiyo ya 20 zinazoingia jikoni zinakula mita 1.1 hivi kwa lita 0.3. Acha zikae. Urefu wa sehemu nyembamba ndio unaoua presha. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo abadilishe kwanza mita 150 ndefu za kutoka kwenye tanki ziwe tiyo ya 32, aache 50 za mwisho za tiyo ya 25: jumla ya hasara inakuwa mita 5.5 badala ya 11.5.

Pana juu, nyembamba chini

Hesabu ya msuguano haijali mpangilio: mita 150 za 32 na 50 za 25 zinakula kiasi kilekile ukianza na yoyote. Lakini mpangilio unaamua presha inayobaki katikati ya njia, na kwenye mji wa vilima hilo ni jambo la afya.

Tuseme laini yetu, mita 60 baada ya tanki, inapita juu ya kigongo kilicho mita 4 tu chini ya tanki kabla ya kushuka nyumbani. Ukitumia tiyo ya 20 kutoka mwanzo, hata kwa zile lita 0.24 tu inazoweza kutoa, maji yakifika kwenye kigongo yameshapoteza mita 7.5 kwa msuguano, na kimo kimeyapa 4 tu. Presha pale inakuwa chini ya sifuri kwa mita 3.5: tiyo inanyonya. Hewa iliyoyeyuka inatoka na kujikusanya juu ya kigongo, maji yanapungua au kusimama. Na kama kuna kiungo kilicholegea pale, kitavuta ndani maji ya mtaro yanayopita juu yake. Robine chini inaendelea kutoa maji, yanaonekana safi, na hakuna anayejua. Kwa eneo ambalo kipindupindu kinarudi rudi kando ya ziwa, kosa hilo haliruhusiwi.

Weka tiyo ya 32 kwenye mita hizo 60 za kwanza: kwa lita 0.3 inapoteza mita 1.1, na kigongo kinabaki na presha ya karibu mita 3. Juu ya kigongo funga vane ya kutoa hewa. Ikiwa huna, robine ndogo ya mkono inayofunguliwa kila laini inapojazwa upya inasaidia, mradi isiachwe wazi.

Watu wakisikia kwamba sehemu nyembamba inashusha presha, wanaogopa kila kiungo cha kupunguzia kwamba kinanyonya uchafu. Fanya hesabu: kwa mwendo wa 1.49, presha iliyotumika ni sm 11. Kiungo hicho kitanyonya tu kama presha ya jirani yake ilikuwa chini ya kiasi hicho, yaani laini karibu tupu. Vifaa vya kuchanganyia mbolea kwenye umwagiliaji, vinavyofanya kazi kwa koo jembamba lililopewa jina la Venturi, vinabana maji kwa ukali zaidi sana ili kupata mnyonyo wa maana. Hatari ya kweli nyumbani ni kigongo, robine ya ghorofani maji yakikatika, na mpira ulioachwa umezama ndani ya beseni la nguo. Dawa ya hili la mwisho ni kuacha nafasi ya hewa kati ya ncha ya mpira na maji, na vane isiyorudisha maji pale laini inapoingia parsele.

Jaribio la kuona kwa macho

Fundi anayefundisha vijana, au mwalimu wa fizikia, anaweza kuonyesha yote haya kwa meza moja. Vifaa: pipa la lita 200 lililoinuliwa mita 1.5 juu ya meza, vipande viwili vya tiyo 32 vya sm 60, kipande cha tiyo 20 cha sm 20, viungo viwili vya kupunguzia 32 hadi 20, vane moja, na mipira mitatu inayopitisha mwanga ya mm 8, kila mmoja mita 2.5.

Unga pana, nyembamba, pana, kwa mstari ulionyooka na uliosawazishwa. Vane iwe mwisho kabisa, baada ya kila kitu, ili mipira isikauke. Toboa tundu la mm 3 katikati ya kila kipande, upande wa juu, kwa pembe mraba. Baada ya kutoboa, ingiza kidole au kisu na uondoe ukucha wa plastiki uliobaki ndani, maana ukucha huo ukielekea maji yanakotoka unainua kipimo, ukielekea upande wa pili unakishusha, na jaribio zima litadanganya. Funga mipira kwenye matundu, uisimamishe dhidi ya ubao wenye alama za sentimita.

Jaza maji, piga piga mipira mapovu yatoke. Vane ikiwa imefungwa, maji yote matatu yanasimama usawa mmoja na pipa. Fungua vane mpaka bidoni ijae kwa sekunde 67. Mpira wa katikati utashuka takriban sm 15 chini ya wa kwanza: karibu 10 ni za mwendo ulioongezeka, zilizobaki ni za msuguano na msukosuko kwenye mlango wa kiungo. Mpira wa tatu utapanda juu ya wa katikati kwa sm 3 au 4 tu. Kama kusingekuwa na hasara ungepanda zote. Pipa linashuka sm 7 kila dakika, kwa hiyo someni yote matatu kwa mara moja, au pigeni picha.

Ukiwa na viungo vya koni, vinavyopanuka taratibu, mpira wa tatu utapanda zaidi. Kupanuka kwa ghafla ndiko kunakopoteza kingi, zaidi ya kubanwa.

Kidole kwenye mpira wa bustani

Hapa ndipo imani ya “tiyo nyembamba inaongeza nguvu” inapozaliwa, kwa hiyo ielezwe vizuri. Ukibana ncha ya mpira kwa kidole, maji yanaruka mbali. Lakini pima kwa bidoni: wingi umepungua. Kwa kuwa wingi umepungua, msuguano kwenye mpira mzima nyuma yako umepungua pia, na presha iliyokuwa ikiliwa njiani sasa inafika mpaka kwenye kidole. Hiyo ndiyo inayorusha maji. Ncha nyembamba imeacha kuitumia presha njiani, haikuitengeneza. Ukibana mita 100 za tiyo badala ya ncha, msuguano unaongezeka badala ya kupungua, na mwisho wake unapata maji machache yasiyo na nguvu. Kwa kimo cha mita 10 maji hayawezi kutoka kwa kasi inayozidi mita 14 kwa sekunde, hata ubane namna gani.

Ukivuta kutoka ziwani kwa pampu

Kwenye kimo chetu hewa inasukuma kwa karibu bar 0.85 tu, si 1.01 ya pwani. Pampu iliyo juu ya maji inategemea msukumo huo wa hewa, kwa hiyo hata pampu kamili isingevuta zaidi ya mita 8.6. Ukitoa msuguano na mahitaji ya pampu yenyewe, kaa ndani ya mita 5 juu ya uso wa ziwa. Vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari vinaahidi zaidi. Punguza karibu mita 1.6.

Upande wa kuvuta uwe mpana kuliko mdomo wa pampu kwa saizi moja. Ukiufanya mwembamba, presha inashuka mpaka maji yanachemka baridi ndani ya pampu, na utasikia sauti kama changarawe zinazunguka. Mapovu hayo yakipasuka yanatoboa feni ya chuma. Kiungo cha kupunguzia kabla ya pampu kiwe na upande wa juu ulionyooka, maana chenye koni pande zote kinafuga povu la hewa juu. Upande wa kusukuma unaweza kuwa mwembamba, kwa hesabu zilezile za hatua ya 4.

Pigo la maji na presha iliyozidi

Vane ya kugeuza robo inaweza kufungwa kwa kufumba na kufumbua. Maji yanayotembea mita 1.5 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla yanaongeza bar 5 hivi kwenye PEHD, na karibu bar 20 kwenye chuma, juu ya presha iliyokuwepo. Hapo ndipo viungo vinafunguka usiku. Funga kwa sekunde kadhaa, na kwenye laini ndefu tumia vane ya kuzungusha.

Kwa tanki lililo juu sana, kumbuka kwamba PN10 inabeba mita 100 za kimo, na pigo likijumlishwa nafasi inaisha. Robine za nyumbani hazipendi zaidi ya bar 4 au 5. Mteremko ukizidi mita 50 au 60, jenga tanki dogo la kukata presha katikati, lenye mfuniko na uwazi wa hewa uliofungwa wavu. Kubana vane badala ya kujenga tanki hakusaidii: robine zote zikifungwa usiku, presha yote inarudi.

Baada ya kuunga

Jaza laini polepole kutoka juu, robine ya chini ikiwa wazi, mpaka hewa iishe. Ijaribu kwa mara 1.5 ya presha ya kazi kwa saa mbili kabla ya kufukia, viungo vyote vikionekana. Kisha isafishe kwa mwendo wa angalau mita 1 kwa sekunde: kwa tiyo ya 32 hiyo ni lita 0.53, yaani bidoni ijae kwa sekunde 38. Chini ya hapo mchanga unabaki ndani.

Mita 200 za tiyo ya 32 zinabeba lita 106. Kwa kuua vijidudu kwa kiwango cha miligramu 50 kwa lita, yeyusha gramu 7.6 za klorini ya unga ya asilimia 70 kwenye ndoo, imiminie kwenye maji yanayojaza laini, funga kila kitu kwa saa 24, halafu mwaga mpaka harufu iishe. Maji hayo yasinywewe, na yasimwagwe kwenye mteremko mtupu.

Andika kwenye mlango wa kisanduku cha vane presha ya kufunga, presha ya kufungua na sekunde za bidoni, pamoja na tarehe.